Nilichomwambia Mjomba Kuhusu Bonde

Kimara, Dar es Salaam
Mwezi wa saba

Mke wangu Somoe,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta umeshanawa vumbi la shamba na umekaa, maana si ya kusomwa umesimama. Mie huku ni mzima, ila hiki kikohozi cha vumbi la mbao ambacho nimekizoea kama jirani. Vipi mgongo wako? Jino la Zainabu limeng'olewa, au bado anamkimbia daktari? Na yule mbuzi mwekundu, amezaa salama? Niandikie hata yale unayoona hayana maana. Mtu aliye mbali hushiba kwa habari ndogo ndogo.

Ujumbe wako ulinikuta kazini Mwenge, patasi mkononi. Nikausoma, nikaendelea na kazi, nikauacha tena mti nikausoma upya. Umeniuliza: "Baba Zainabu, umemwambia nini Mjomba? Amekuja asubuhi na mapema, akasimama bondeni kwenye mbaazi zangu, akasema bonde lisiguswe. Vijana waliokuja kufyeka amewarudisha na mapanga yao. Nimemkaribisha maji, hakunywa. Ameondoka kama mtu anayetoka mazikoni."

Sikutaka kukujibu kwa simu. Simu yako inachajiwa dukani, na ukiongea pale dukani kijiji kizima kimeshasikia kabla hujakata. Halafu kuna upande mmoja wa jambo hili ambao wewe hujausikia kabisa, na nataka uusikie kwangu, sio kwa mtu mwingine. Kwa hiyo nimenunua karatasi, nimekaa hapa barazani, na nitakueleza tangu lilipoanzia.

Lilianzia kwenye mti. Unajua jinsi mpingo ulivyoadimika. Zamani magogo yakija Mwenge, mafundi tulikuwa tunachagua, hili lina ufa, hili limepinda, lete lile. Siku hizi likija gogo jembamba kama mguu wa meza, watu wanakaribia kushikana mashati. Wengi wetu tunachonga mti mweupe halafu tunaupaka dawa ya viatu. Kinyago kinang'aa vizuri sana, lakini mteja akikishika na jasho, anaondoka na weusi kiganjani. Kuna mama mmoja alirudi kwangu amekifunga kinyago kwenye leso yake, leso imechafuka yote. Hakufoka. Aliniuliza tu, "Fundi, kumbe hii ni nini?" Nilimrudishia hela yake, na siku ile sikuuza kitu kingine.

Ndipo ikaja oda ambayo sijapata kukuambia. Mtu mmoja anajenga nyumba ya wageni, akataka nguzo ya ujamaa ya kusimama mlangoni, kimo cha mtu mzima. Watu juu ya watu, bibi chini kabisa amewabeba wote, wajukuu juu wanachungulia. Kazi ya namna hiyo niliifanya mara ya mwisho marehemu mwalimu wangu akiwa pembeni ananisahihisha. Sharti lake lilikuwa mpingo mtupu, gogo moja, hakuna kuunga. Nilimwomba muda nitafute gogo. Na oda ile, Somoe, kwetu sie ilikuwa ni bati. Nyumba yako ingevuliwa nyasi kabla ya masika.

Nikiwa katika kuhangaika huko, Mjomba Mfaume akapiga simu. Nilishtuka. Mie kwenu ni mkwe tu. Ardhi ni ya ukoo wa mama yako na kauli ni ya Mjomba, kwa hiyo akiwa na neno la shamba hanitafuti mie.

"Mkwe," akasema, "umesikia kwamba nataka kulifyeka bonde?"

"Nimesikia, Mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Nifyeke lote, nipande mikorosho mipya, na ufuta katikati wakati inakua. Mwanangu Somoe hataki. Analilia vichaka."

Akaendelea: "Sasa pale katikati pana mpingo. Unaujua."

"Naujua."

"Ule ni wako. Kibali nitakihangaikia mwenyewe, nitakukatia, nitakupakilia kwenye gari mpaka Mbagala. Wewe fanya moja tu, mwambie mkeo anyamaze."

Nikufiche nini, mke wangu? Moyo uliruka. Mti ule nimeutazama tangu siku niliyokuja kuposa. Mama yako alikuwa ananieleza habari za mahari, macho yangu yapo bondeni yanapima shina. Naujua unavyogeuka kidogo kushoto kwenye kimo cha kifua, na pale ndipo nilipokwisha kumweka bibi akilini, pale penye mgeuko, mgongo wake ukiwa umebeba. Nilimjibu Mjomba kwamba nitazungumza na mwenzangu. Lakini sikukupigia. Nilikuwa bado natafuta maneno ya kukulainisha.

Nilimweleza Damiani, yule Mmakonde ninayeshirikiana naye kibanda. Akapiga kofi. "Braza, hiyo ngekewa! Vichaka si vitaota tena? Mwambie sista akubali, tuingie kazini." Nami nikajiambia hivyo hivyo, vichaka vitaota tena.

Basi siku hizo hizo ndipo gunia lako likafika. Nililifuata stendi ya mabasi ya kusini kule Mbagala, nikalibeba mpaka Kimara, na nilipolifungua chumba chote kikanuka kwetu. Ule udongo mwekundu ulikuwa umekauka kwenye ming'oko, ile mizizi ya porini uliyoichimba bondeni, kokwa za mbura umezifunga peke yake kwenye kitambaa, na majani makavu ya kunde, na ukwaju. Nilikaa kitandani nikashika mng'oko mmoja tu, bila kufanya chochote.

Sasa yupo hapa Mama Shufaa, yule mama wa upande wa Nanyumbu niliyewahi kukusimulia, aliyepanga chumba cha mbele, anayekaanga maandazi barazani asubuhi. Ni mtu mzima kwangu, namwamkia, naye ananiita mwanangu. Binti yake Shufaa alikuwa amejifungua karibuni, mtoto wa kiume, na tangu atoke hospitali chakula hakipiti. Wali anausukuma. Mtori alioletewa na mama mwenye nyumba aliuonja kwa adabu tu, akaurudisha. Maziwa yalianza kupungua na kichanga kinalia mpaka sauti inakatika. Mama Shufaa alikuwa anakaanga maandazi huku anafuta machozi, anasingizia moshi.

Nilichemsha ming'oko yako kwa chumvi kwenye jiko la mkaa pale uani. Haikupita muda, Shufaa akatokeza mlangoni ameshikilia fremu. "Baba Zainabu, ni nini kinachonukia?" Nikamwonyesha. Hakuuliza zaidi, alikaa kwenye kigoda akaanza kula, anaimenya kwa meno kama wanavyokula watoto kwetu, maganda anayaweka kwenye mfuniko. Alikula, akaomba tena. Akaomba na mchuzi wa mbura. Nikatwanga kokwa zako, nikaziunga kwenye majani ya kunde, akala na hiyo. Kesho yake hivyo hivyo. Kichanga kikapata cha kunyonya, na usiku ukawa na utulivu kwenye nyumba yetu kwa mara ya kwanza. Ujue hilo, Somoe. Kuna mtoto Kimara hapa, humjui na hakujui, na wewe ndiye uliyemlisha.

Lakini Mama Shufaa hakula. Nilimpelekea sahani, akaishika, akautazama mng'oko mmoja kwa muda, akasema, "Mkeo anarudishia vichwa." Nikamuuliza amejuaje. Akanionyesha kwa kidole pale ulipokata. "Amekata chini ya kichwa, kichwa amekiacha kwenye udongo kiote tena. Mtu mwenye haraka anang'oa chote." Kisha akanirudishia sahani yangu.

"Kula, mama, ipo mingi."

"Siili, mwanangu."

"Hupendi?"

"Naipenda sana. Siili tu."

Nilidhani ni mambo ya dawa au ya mizimu, nikaacha. Ila jioni, Shufaa akiwa ndani na mtoto, alinieleza mwenyewe bila kuulizwa. Nitakuandikia kama alivyosema.

Kwao walikuwa na bonde kama lenu. Mibura, mifudu, mitonga, yote miti ya matunda ya porini, na chini yake ming'oko, na mihogo na mbaazi kwenye nafasi za jua. Kaka zake wakakubaliana wafyeke lote wapande mikorosho. "Na mikorosho iliota vizuri," akasema, "sitaki kuisingizia. Miaka ya mwanzo ilitupa bati, ilitupa baiskeli na redio, tukawatambia majirani." Halafu ukaja mwaka ambao mvua ilikata mahindi yakiwa yanachanua. Mwaka huo huo ugonjwa wa ubwiri ukaingia kwenye maua ya mikorosho, maua yakawa kama yamemwagiwa majivu. Hela hakuna, na cha kupika hakuna. Zamani, mwaka kama ule, wanawake wangeshuka bondeni na majembe. Sasa bondeni chini ya mikorosho palikuwa na majani makavu tu.

Mama yake akachukua kikapu na jembe, akafuatana na wenzake, wakavuka mto kwenda kuchimba vichaka vya kijiji cha pili. Hawakuomba, kwa sababu waliona aibu kuomba. Wenye vichaka wakawakamata. Waliwanyang'anya majembe, wakang'oa zile kamba za ming'oko na majani yake wakawavika shingoni, wakawatembeza kijijini mchana mpaka kwenye njia ya kurudi kwao. Watoto wakawafuata wanaimba.

"Mama alirudi, akaoga, akalala," akasema Mama Shufaa. "Hakupata kulizungumza mpaka anaingia kaburini. Lakini hadi leo, ukigombana na mtu kule kwetu juu ya jambo lolote, hata kuku, utaambiwa nyie si ukoo wa wezi wa ming'oko? Ndiyo maana haishuki hapa," na akajishika koo.

Nilirudi chumbani. Nilikuwa bado nautaka ule mpingo. Nisikudanganye kwamba tamaa ilikufa palepale. Lakini kila nikimtazama yule bibi wa kuchonga, namuona amevikwa kamba shingoni, na uso ni wako. Nikawa nakumbuka na mambo mengine ambayo huwa nayapita bila kuyaona. Kwamba masika mboga yako inatoka chini ya miti ile na uyoga unatoka pale pale. Kwamba Zainabu alipoachishwa ziwa, karanga zimekwisha, ulimtwangia mbura. Kwamba mie mwenyewe, kila nikija likizo ya kiangazi, nakula ming'oko asubuhi na chai ya chumvi na sijawahi kukuuliza umeichimba wapi na umeinama muda gani. Miaka yote nimelipenda bonde lile kwa ajili ya mti mmoja.

Asubuhi nilimpigia Mjomba. Nilikuwa barazani, Mama Shufaa yupo kwenye karai lake, na kwa kuwa Mjomba hasikii vizuri siku hizi, niliweka sauti kubwa, naye akawa anajibu kwa kelele.

"Mjomba, shikamoo. Ule mpingo nimeuacha."

"Umeuacha vipi? Umepata mwingine?"

"Sijapata. Nimeuacha tu. Na nakuomba bonde tusilifyeke."

Akacheka, kicheko cha hasira. "Mkwe, kwani mimi nilikuuliza kama unautaka? Nilikupa. Usipoutaka, nitaukata kuni. Bonde nitalifyeka."

"Mjomba, mwaka wa njaa..."

"Njaa unanifundisha wewe? Mimi mgongo wangu hauinami tena. Siwezi kuchimba, siwezi kupalilia. Mkorosho unamlisha hata aliyekaa kwenye mkeka. Nikifa watoto wa dada yangu watasema Mjomba alituachia nini? Ming'oko?"

Somoe, nilikwama. Kwa sababu yale yalikuwa ni maneno ya kweli. Yule ni mzee anayeogopa kufa bila kuacha kitu.

Mama Shufaa akaliondoa karai motoni, akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Nipe nimsalimie." Nikampa. Akamwamkia, wakaulizana kwao ni wapi, kwa lugha ya kwetu, taratibu kabisa, kama watu waliokutana kilioni. Mjomba akatulia. Kisha Mama Shufaa akamsimulia yale yale aliyonisimulia mie. Hakulia, wala hakupandisha sauti. Alipofika pale pa kamba shingoni, upande wa pili hakukusikika kitu. Nikadhani vocha imekwisha.

Halafu Mjomba akauliza, polepole kuliko nilivyopata kumsikia: "Walivuka mto?"

"Walivuka, baba."

"Mwaka ule mvua ilipokata."

"Mwaka huo."

Mjomba akasema, "Na sisi tulikamata wanawake bondeni mwetu. Walitoka ng'ambo. Mimi nilikuwa mmoja wa waliowavika zile kamba." Akavuta pumzi. "Sijui kama mama yako alikuwamo. Hatukuwauliza majina."

Mama Shufaa akasema, "Hakuna aliyewauliza, baba."

Hilo ndilo neno lenyewe. Alinirudishia simu, akarudi kwenye karai lake. Nikaiweka sikioni. Mjomba hakuwa amekata.

"Mkwe."

"Naam."

"Somoe anaijua habari hii?"

"Haijui, Mjomba."

"Mama yake aliijua. Siku ile dada yangu alinipakulia chakula, akakiweka mbele yangu, akaniambia, kula wewe, mimi sili na mtu aliyemvua nguo mama wa mwenzake kwa sababu ya njaa. Nikamwambia hatukumvua mtu nguo. Akasema, mmemvua." Kisha akakata.

Hayo ndiyo yaliyopita, mke wangu. Mie nilichomwambia Mjomba hakikuwa kitu. Yaliyomleta asubuhi ile kwenye mbaazi zako ameyasikia kwa Mama Shufaa, na mengine kwa dada yake aliyemo kaburini. Ndiyo maana hakunywa maji. Usimuulize. Akitaka kukwambia, atakwambia, na akikaa kimya mpaka mwisho, mpakulie chakula tu.

Kuhusu Mama Shufaa, nilidhani baada ya maneno yale atakasirika, au atahama upande wangu wa baraza. Alimaliza kukaanga maandazi, wateja wakaja, akauza. Mchana alilala kidogo, jambo asilolifanya. Jioni alinigongea akasema, "Mwanangu, kama huniulizi sitakwambia, lakini leo nimepumua." Ming'oko bado hali. Sikumshawishi.

Yule mwenye oda nilimfuata mwenyewe nikamwambia mpingo sina. Alinisikiliza kwa heshima, akaipeleka kazi kwa fundi mwingine ambaye ana gogo lake la siku nyingi. Damiani hakusema nami siku nzima. Kesho yake akasema, "Braza, umelala." Nikamwambia labda. Akachukua tupa akaanza kuninolea patasi zangu, na kwa Damiani huko ndiko kusameheana. Sasa tunachonga miiko, sinia na vinu vidogo kwa mti wa mwembe na mkorosho, hatupaki kitu, rangi yake ni ile ile mti uliyozaliwa nayo, na wateja wapo. Si kama nguzo ya ujamaa. Ila hakuna anayerudi na leso iliyochafuka.

Bati halipo mwaka huu, Somoe. Hilo naliandika peke yake ulisome vizuri. Nilikuahidi na nililishika mkononi, nikaliachia bila kukuuliza. Kama ungeniambia, "Chukua mpingo, nimechoka kuvujiwa," ningekuwa nimekosa la kusema. Naomba uniambie ukweli wa moyo wako katika hili. Ukikasirika, una haki. Nyasi za upande wa jiko zimeoza, nalijua hilo. Nitaziezeka upya mwenyewe nikija.

Maana nakuja. Jana Mjomba alipiga tena. Hakugusia yaliyopita. Alisema mikorosho yake ya juu, ile ya zamani, imejaa matawi makavu na mingine haizai kabisa, na kwamba kama bonde halifyekwi basi huko juu lazima pafufuliwe. "Nani ataipogoa?" akauliza. "Nani atang'oa mizee apande mipya?"

"Mie, Mjomba."

"Wewe fundi wa mjini?"

"Mti naujua."

Akaguna, akasema basi nije kabla ya mvua za kwanza, na nije na shoka langu zuri, la kwake limekuwa butu. Damiani atakitunza kibanda. Nadhani Mjomba ameona kwamba mikorosho ikipata mikono mingine na bonde likibaki lilivyo, wote wawili mnaweza kuishi: yeye kwenye mkeka wake, na wewe kwenye ming'oko yako. Kabla hajakata alisema, "Yule mama... mwambie..." Nikamngoja amalize. Hakumaliza, nami sikupeleka salamu isiyo na maneno. Nilimwambia Mama Shufaa tu kwamba Mjomba amemtaja. Akaitikia kwa kichwa.

Kuna ombi moja la Mama Shufaa kwako, na nimelileta hadi mwisho kwa sababu siwezi kukuamulia. Amesema: "Mwambie mkeo, mwaka ukiwa mbaya, akitokea mwanamke na kikapu kutoka ng'ambo, asimfukuze." Najua unachowaza, maana nami nimekiwaza. Wakija wote na majembe yenye haraka, msimu mmoja unatosha kulimaliza bonde, na vichwa havitarudi udongoni. Labda ufuatane nao, uwaonyeshe pa kukata. Labda wachimbe upande wa mto tu, wakuachie wa juu. Au labda useme hapana, una mtoto wa kulisha. Bonde ni lenu, na mikono inayolitunza ni yako. Zungumza na wanawake wa ukoo wenu. Utakachoamua nitakisimamia mbele ya Mjomba na mbele ya mtu yeyote.

Nisalimie Mjomba, umwambie mkwe wake anamwamkia. Nisalimie bibi yetu anayekaa kwa dada yako mkubwa, mweleze kwamba dawa ya macho nimeipata. Mdogo wako anayefundisha madrasa mwambie vitabu alivyoagiza vipo kwenye mzigo. Zainabu mbusu, halafu mpeleke akang'olewe jino, hakuna kumhurumia. Shangazi zako wote wawili, na jirani yetu mwenye kisima, wape salamu zangu kwa majina. Shufaa anakusalimu sana. Mtoto wamemwita Saidi, na anapiga kelele za mtu aliyeshiba.

Nikifika usinisubiri stendi. Basi la kusini halina saa, na jua la huko nalijua. Ukiwa bondeni endelea na kazi yako. Nitaweka mzigo kwa Mjomba, nikufuate huko huko, uniinamishe na mie nijifunze kuchimba.

Mumeo anayekukumbuka,
Rashidi, Baba Zainabu